Kiti cha Upinzani Kisiachwe Wazi

Historia ya mkoa wetu wa Ruvuma inabeba safari mbili ambazo mtu anayetafakari siasa za nchi hii hana budi kuzikumbuka. Ya kwanza ni ya mtoto wa kasisi wa Kianglikana, aliyezaliwa Kwambe, kijiji kilicho ufukweni mwa Ziwa Nyasa karibu na Mbamba Bay, akapanda hata kuwa Katibu Mkuu wa TANU na Waziri wa Mambo ya Nje, kisha mwaka 1967 akaondoka nchini asirudi kwa miaka 25. Ya pili ni ya mwenyekiti wa chama cha upinzani aliyefika Mbinga kuhutubia mkutano wa hadhara tarehe 9 Aprili 2025, akakamatwa na polisi baada ya mkutano huo, na kesho yake akasomewa shitaka la uhaini mjini Dar es Salaam. Wa kwanza ni Oscar Kambona. Wa pili ni Tundu Lissu.

Hatuandiki leo ili kumhukumu wala kumtakasa yeyote kati yao. Kesi zina mahakama zake, na historia ina waandishi wake. Tunalouliza ni moja tu: mtu anayetofautiana na Serikali, nchi imemwandalia kiti gani?

Mwaka 1965 Tanzania iliandika katika Katiba yake kwamba chama ni kimoja. Hivyo Kambona alipotofautiana na wenzake baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, hapakuwa na upande wa pili wa Bunge ambako angehamia, akasimama na kusema mbele ya Spika kile alichokiona ni kosa. Alijiuzulu, akaenda London. Mwaka 1970 watu saba walishitakiwa kwa uhaini, miongoni mwao Bibi Titi Mohamed, mama aliyeipigania TANU kwa sauti yake yote. Kambona alitajwa katika kesi hiyo kuwa kinara wa njama, ilhali yeye mwenyewe hakuwapo kizimbani. Hata leo wazee wa mwambao huu hawaafikiani juu ya nani alikuwa na haki. Nao hawawezi kuafikiana, kwa kuwa hoja zenyewe hazikupata kusikilizwa hadharani, zikajibiwa hadharani, na wananchi wakaamua.

Mwaka 1991 iliundwa tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuwauliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vingi. Wengi wa waliotoa maoni, kadiri ya wanane katika kila kumi, walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo tume ilipendekeza vyama vingi, na sheria ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1992. Wako waliolishangaa jambo hilo. Sisi twaona lilikuwa na busara kubwa, kwani wawili katika kumi si watu wa kupuuzwa. Wanalipa kodi, wanavua samaki, wanachuma kahawa, na wana haki ya kusemewa. Mwaka huo huo Kambona alirejea. Alifariki London mwaka 1997.

Kazi ya kiongozi wa upinzani bungeni ni cheo kinachotambuliwa na Dola yenyewe. Waingereza, ambao tulirithi kwao mtindo huu wa Bunge, walianza mwaka 1826 kuwaita wapinzani kuwa ni watiifu kwa Mfalme. Neno hilo lilisemwa kwa mzaha, lakini likabaki kwa kuwa lilikuwa na ukweli. Mwaka 1937 wakatunga sheria ya kumlipa kiongozi huyo mshahara kutoka hazina ya umma. Waliona kwamba anayeikosoa Serikali kwa wakati wake na kwa utaratibu naye anaitumikia nchi.

Hapa kwetu, kanuni za Bunge ziliweka kwamba wapinzani wakifikia asilimia 12.5 ya wabunge wote, wanaweza kuunda Kambi Rasmi na kuwa na kiongozi wao. Hamad Rashid Mohamed alikishika kiti hicho hadi mwaka 2010, na Freeman Mbowe kuanzia hapo hadi mwaka 2020. Kiongozi huyo huteua mawaziri kivuli, ili kila Wizara iwe na mtu anayeisoma bajeti yake mstari kwa mstari. Siku ya Alhamisi, wakati wa maswali ya papo kwa papo, alikuwa akipewa nafasi ya mbele kumwuliza Waziri Mkuu. Na kamati zinazokagua hesabu za Serikali huongozwa na wabunge wa upinzani, kwa sababu iliyo wazi: mwenye kutumia fedha hawezi kuwa yeye yule mwenye kuzikagua.

Faida ya utaratibu huo ilionekana Novemba 2014. Kamati ya Hesabu za Serikali, chini ya Zitto Kabwe, ilipeleka bungeni taarifa ya fedha za akaunti ya Escrow ya Tegeta. Wabunge wa pande zote walijadili hadi usiku. Mwezi uliofuata Mwanasheria Mkuu wa Serikali alijiuzulu, na Waziri mmoja akaondolewa katika wadhifa wake. Serikali haikuanguka, wala amani haikuvunjika.

Katika uchaguzi wa Oktoba 2020 chama tawala kilitwaa majimbo 256 kati ya 264. Kambi Rasmi ikakosekana, na kiti cha kiongozi wake kikabaki wazi. Kisha Aprili 2025, siku chache tu baada ya yale ya Mbinga, Tume ya Uchaguzi ilitangaza kwamba chama cha CHADEMA, ambacho hakikutia saini kanuni za maadili, hakitashiriki uchaguzi wa mwaka huo. Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulifanyika bila chama hicho. Siku ile na zilizofuata vijana waliingia barabarani, watu wakapoteza maisha, amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa Dar es Salaam, na Serikali ikaunda tume ya uchunguzi. Hatusemi kwamba kiti kimoja bungeni kingezuia yote hayo. Tunasema kwamba neno lisilopata mlango hutafuta dirisha.

Kwa wasomaji wetu wa Unguja na Pemba tuna la kuongeza. Baada ya kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, Zanzibar ilichagua njia ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na Maalim Seif Sharif Hamad akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Njia hiyo iliwapatanisha watu waliokuwa wamefikia kutozikana, nasi tunaiheshimu. Lakini sisi wa mwambao wa Nyasa na ninyi wa visiwani tunafanana kwa jambo moja: wote tunasafiri kwa meli. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama na mamia ya watu. Tarehe 18 Julai 2012 ikazama MV Skagit. Waziri aliyehusika, aliyetoka katika chama kilichokuwa cha upinzani, alijiuzulu, na alifanya jambo la heshima. Hata hivyo Baraza la Wawakilishi wakati huo lilikuwa na vyama viwili tu, na vyote viwili vilikuwa serikalini. Wawakilishi waliouliza maswali mazito waliuliza kwa ujasiri wao wenyewe, si kwa wajibu wa kiti walichokalia. Kugawana madaraka ni jambo jema, ila hakuondoi haja ya kuwapo mtu ambaye kazi yake ni kuuliza.

Tunajua wapo watendaji serikalini wanaosema kwamba upinzani huchelewesha maendeleo. Tunawaomba waje Mbinga. Hapa mkulima wa kahawa hujadiliana na jirani yake juu ya kingo za ngoro, kwa kuwa akikosea mmoja kule juu, mvua humharibia shamba aliye chini. Ubishi huo haujapata kuitwa uasi, bali ndio ulioshikilia udongo wa milima ya Umatengo tangu enzi za mababu.

Upinzani nao una deni. Kiongozi wake hana budi kuja na hesabu, na si kelele tu. Hana budi kusifu lililo jema, na kukubali matokeo pale uchaguzi unapokuwa wa haki. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na methali hiyo huwahusu wote wawili, aliye madarakani na anayeyatafuta.

Kwa hiyo tunatoa rai. Bunge lifikirie upya kipimo cha asilimia 12.5, ili chama cha pili kwa ukubwa, hata kikiwa na wabunge wachache, kiwe na kiongozi anayetambuliwa, mwenye ofisi, mwenye nafasi ya kuuliza na ya kujibiwa. Na kabla ya hapo, uchaguzi uwe na uwanja ambao kila chama kinaweza kuingia bila kinyongo. Haya si mambo ya kuombwa kama sadaka, kwa kuwa yanailinda Serikali yenyewe.

Kutoka Kwambe hadi Mbinga mjini ni safari fupi, ya kushuka na kupanda milima. Kati ya mwaka 1967 na 2025 nchi yetu ilipata muda mrefu wa kujifunza. Mtoto mwingine wa mwambao huu atakayeona mambo kwa namna yake, na asikike Dodoma, akiwa amekaa kitini.