Mapigo ya Kisimani

Wanafunzi wengi wa muziki huchanganya mambo matatu: mdundo, mizani na mwendo. Ikiwa nawe ni mmoja wao, msomaji, acha kitabu kwa muda, twende Takaba, huko Mandera, nchi ya ngamia ambako Kisomali na Kiborana husikika.

Miongoni mwa Waborana, kisima cha kina kirefu hakichotwi na mtu mmoja. Vijana hujipanga mmoja juu ya mwenzake, ndoo ikipanda mkono kwa mkono huku wakiimba. Usidhani wanajiburudisha. Ngamia mwenye kiu aweza kunywa lita 100 kwa mkupuo, na nyuma yake wapo wengine wakisukumana. Mmoja akikosa pigo, ndoo humwangukia aliye chini.

Sasa hesabu nami. Kuinama ni moja, kuinuka na mzigo ni mbili. Pigo moja jepesi, jingine zito, hivyo hivyo mpaka birika lijae. Mpango huo wa uzito ndio mizani. Mdundo ni jinsi maneno ya wimbo, mafupi na marefu, yanavyokaa juu ya hesabu hiyo. Mwendo ni kasi tu: mapigo 60 kwa dakika ni pigo moja kila sekunde, 120 ni mawili. Vijana wakichoka mwendo hupungua, lakini mbili hubaki mbili. Hapo ndipo wengi hukwama katika mtihani.

Waswahili tukitaja mizani ya shairi twahesabu silabi, aghalabu 16 kwa mshororo. Msomali hupima muda: irabu ndefu ni sawa na fupi mbili. Watunzi walilijua jambo hilo kwa sikio, hadi mwaka 1976 mshairi Mohamed Hashi Dhamac, maarufu kwa jina la Gaarriye, alipoifafanua kanuni yake gazetini. Naam, gazetini, wala si katika kitabu cha chuo kikuu!

Siku hizi mahali pengi maji huvutwa na pampu. Pampu ina mapigo na ina mwendo, ila mizani haina, kwa kuwa kila pigo lina uzito uleule. Sitamlaumu mtu kwa kupumzisha mgongo wake. Lakini kijana aliyekua na pampu atazisikia wapi nyimbo zile? Ukimpata mzee anayezikumbuka, beba kinasa sauti. Piga naye makofi kwanza, maana ya maneno utamwuliza baadaye.