Bei ya Adui: Kutoka Hollywood Hadi Mbamba Bay

Dakika moja ya filamu Mufasa: The Lion King iligharimu zaidi ya shilingi bilioni 4. Bajeti iliyotajwa ni dola milioni 200 na filamu ina dakika 118. Dola moja nimeihesabu kwa shilingi 2,500, bei iliyo karibu na ya Desemba 2024 filamu ilipotoka. Bajeti yote basi ni shilingi bilioni 500, na ukiigawa kwa dakika zake unapata bilioni 4.2.

Mtu wa Mbinga ana vya kupimia namba hiyo karibu na kwake. Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66 zinazoteremka kutoka milima ya Umatengo mpaka ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ilijengwa kwa takriban shilingi bilioni 129. Hiyo ni nusu saa ya filamu. MV Mbeya II, meli ya Ziwa Nyasa inayobeba abiria 200 na tani 200 za mizigo, iligharimu bilioni 9 na ushei. Hizo ni dakika mbili na sekunde chache.

Mkulima wa kahawa naye ana hesabu yake. Mwezi ule ule filamu ilipoingia kwenye majumba ya sinema, bei ya arabika katika soko la New York ilivunja rekodi iliyokuwa imesimama tangu 1977, ikiwa imekwisha kuvuka dola 3 kwa ratili. Tuchukue dola 3.30. Kwa bei hiyo, ambayo mkulima mwenyewe haioni mkononi mwake kwa ukamilifu, dola milioni 200 ni tani 27,500 za kahawa safi, yaani magunia 458,000 ya kilo 60. Ni takriban theluthi ya kahawa ambayo Tanzania nzima inavuna kwa mwaka mzuri.

Kwa nini kampuni ya Disney iweke fedha kiasi hicho kwenye kisa ambacho mwisho wake tunaujua tangu The Lion King ya 1994? Jibu langu ni adui. Jina la Mufasa limeandikwa kwenye bango, lakini mizani ya kisa imeshikwa na Taka, mwana wa mfalme ambaye miaka ya baadaye ataitwa Scar, amsukume ndugu yake bondeni kwenye mbio za nyumbu. Mufasa tunajua alikuwa nani. Swali lililobaki wazi kwa miaka 30 lilikuwa la yule mwingine: alianzaje?

Filamu inajibu kwa kumfanya awe mwema kwanza. Taka ndiye anayemwokoa Mufasa, mtoto aliyesombwa na mafuriko na kutenganishwa na wazazi wake. Taka ndiye anayetaka ndugu, wakati baba yake Obasi anamwona yule mgeni kuwa mzigo na hatari. Baadaye mama yake Taka anavamiwa na simba weupe, Taka anakimbia, Mufasa anabaki kupigana. Kisha anakuja simba jike Sarabi, moyo wake unaelekea kwa Mufasa, na Taka anakwenda kwa Kiros, kiongozi wa wale simba weupe, kumuuza ndugu yake. Mwishoni anajuta na kumkinga Mufasa na pigo la Kiros, na hapo ndipo anapopata kovu lake. Mufasa anamruhusu abaki, ila hatalitaja tena jina lake.

Mashabiki waligombana juu ya mambo mawili. La kwanza ni damu. Waliokua na filamu ya 1994 waliwajua hawa wawili kuwa ndugu wa kuzaliwa, na sasa wameambiwa ni ndugu wa kulelewa. La pili ni sababu: je, wivu wa mapenzi unatosha kumgeuza aliyekuokoa majini awe msaliti? Mimi nasimama na wanaosema hautoshi, na naona filamu yenyewe ilikuwa na sababu nzito zaidi, ikaipita haraka. Aibu ya kijana aliyekimbia mama yake akishambuliwa, akafichiwa siri na baba yake, akabaki anaishi na shahidi wa woga wake kila siku, ina uzito kuliko kukataliwa na Sarabi. Hapo palistahili dakika kumi zaidi, hata kwa bei ya bilioni 4 kila moja.

Mabishano hayo yana kipimo cha fedha, na kipimo hicho kinasema mambo ambayo maoni ya wahakiki hayasemi. Wikiendi ya kwanza huko Marekani na Kanada, Mufasa iliingiza dola milioni 35 tu. Sonic the Hedgehog 3, iliyofunguliwa siku hiyo hiyo, ilipata milioni 60, na wengi wakaandika kwamba simba ameanguka. Lakini watu waliendelea kwenda, wiki baada ya wiki, mpaka soko hilo pekee likafika milioni 254. Mapato yote yalikuwa mara 7 ya yale ya mwanzo. Linganisha na The Lion King ya 2019: ilifunguliwa kwa milioni 191 na kumaliza na milioni 543 katika soko hilo hilo, chini ya mara 3. Uwiano huo unapima maneno ya watu. Tiketi za wiki ya kwanza zinauzwa na matangazo, za wiki ya tano zinauzwa na mtu aliyetoka ukumbini akamwambia jirani yake kwamba yule Taka amemuumiza roho.

Duniani kote filamu ilifikisha dola milioni 722. Wenye majumba ya sinema hubaki na karibu nusu ya mapato ya tiketi, kwa hiyo kilichorudi kwa mtengenezaji ni kama milioni 360, na humo bado hazijatolewa gharama za matangazo. Ni faida, ila ni ya jasho. Anayetaka kuona jinsi adui anavyoweza kulipa aangalie filamu za kutisha. Annabelle ya 2014, iliyorudi nyuma kueleza mdoli wa The Conjuring ya 2013, ilitengenezwa kwa dola milioni 6.5 na kuingiza milioni 257, karibu mara 40. The Nun ya 2018, iliyorudi nyuma kumfuata pepo aliyeonekana kwenye The Conjuring 2, iligharimu milioni 22 na kuingiza milioni 366, zaidi ya mara 16. The Ballad of Songbirds & Snakes ya 2023, iliyosimulia ujana wa Rais Snow wa The Hunger Games, ilitumia milioni 100 ikapata milioni 349. Hiyo ni mara tatu na nusu, karibu sawa na Mufasa.

Ukiziweka namba hizo pamoja unaona jambo moja. Adui aliyekwisha kujulikana ni mtaji ambao mtazamaji ameuweka mwenyewe. Stelingi mpya lazima atambulishwe, apendwe, aaminiwe, na kazi hiyo inakula fedha. Adui wa zamani anaingia na chuki yake tayari imelipiwa na filamu zilizotangulia. Mtengenezaji wa filamu ya kutisha anahitaji nyumba moja, giza na uso tunaoujua. Disney ilihitaji kompyuta zichore kila unywele wa kila simba, na tofauti kati ya mara 40 na mara 3.6 imelala humo.

Watazamaji wa Tanzania wanaijua nguvu hii bila kuhitaji namba za Marekani. Mtengenezaji filamu Mussa Banzi alipotoa Nsyuka na Shumileta katika miaka ya 2000, kwa kamera za video na bajeti ndogo mno, kilichouza kanda zile kilikuwa kiumbe cha kutisha na jini, na Shumileta aliitwa tena kwenye sehemu ya pili kwa sababu watu walimtaka. Kabla ya video, fisi wa hadithi za jioni aliuawa leo na kesho akarudi na ulafi wake ule ule, na hakuna mtoto aliyeuliza amefufukaje.

Sasa tuufuate mkondo wa fedha mpaka ziwani. Mpenzi wa filamu wa Mbinga aliyetaka kumwona Taka kwenye skrini kubwa ya Mlimani City, Dar es Salaam, alikuwa na safari ya kilomita 1,050 hivi kupitia Songea, Njombe na Iringa. Nauli ya basi la kawaida iliyopangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, Desemba 2023 ilikuwa shilingi 48.47 kwa kilomita, yaani takriban 51,000 kwenda na 51,000 kurudi. Hapo hajalala, hajala, hajakata tiketi. Kwa shilingi 102,000 za nauli peke yake, na tuseme kiingilio cha banda la video ni shilingi 500, angeingia bandani mara 204.

Ndiyo maana banda ndilo sinema ya watu. Tufanye hesabu ya onyesho moja kwa mfano: viti 40 vimejaa, kiingilio 500, mapato 20,000. Runinga bapa, deki na sabufa kwa pamoja tuzipe wati 200. Kwa saa mbili zinakula uniti 0.4, na uniti ya LUKU kwa matumizi ya kawaida, kodi ikiwa ndani, ni karibu shilingi 356. Umeme wa onyesho zima ni shilingi 142, chini ya theluthi ya kiingilio cha mtu mmoja. Muvi yenyewe, tuseme ya GB 1.5 kwa bando la shilingi 2,000 kwa GB, inashushwa kwa 3,000 mara moja tu, kisha inahama kwa flashi na memori kadi kutoka banda hadi banda, kutoka Mbinga mjini hadi Liuli na Lituhi. Nakala ya kumi haigharimu kitu.

Kinachofanya nakala hiyo ivutie watu ni sauti. Muvi iliyotafsiriwa na dijei inajaza viti ambavyo muvi ya Kiingereza kitupu ingeviacha wazi. Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alijenga jina Dar es Salaam kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na nyuma yake wakaja wengine wengi, akiwemo DJ Afro wa Kenya. Dijei mzuri hatafsiri maneno tu. Anamtetea adui, anamshitaki, anamwonya stelingi ambaye hasikii, anasimamisha pumzi za ukumbi kabla ya usaliti. Kwa filamu inayorudi nyuma kwenye ujana wa adui, kazi hiyo ni nzito zaidi, kwa sababu lazima awakumbushe waliokuja kwa mara ya kwanza mambo yatakayotokea baadaye bila kuwaharibia waliokwisha kuyajua. Ni ufundi, na katika hesabu ya dola milioni 722 ufundi huo haupo popote.

Haupo pia katika sheria, au tuseme upo upande mbaya wa sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuamua nani aitafsiri na nani aionyeshe kwa umma. Banda linaloonyesha Mufasa kutoka kwenye flashi halina ruhusa hiyo, na dijei naye hana. Ninawaheshimu wote wawili, na bado siwezi kusema kwamba mwandishi wa Marekani hana haki ambayo ningeidai kwa ajili ya Mussa Banzi.

Swali la maana ni ukubwa wa fedha zinazobishaniwa. Kurudisha bilioni 500 kwa kiingilio cha shilingi 500 kunahitaji viingilio bilioni moja. Mkoa wa Ruvuma ulikuwa na watu 1,848,794 katika sensa ya 2022, hivyo kila mmoja wao, pamoja na vichanga, angepaswa kuiona filamu mara 541. Kwa Tanzania nzima yenye watu 61,741,120 ni mara 16. Hakuna banda lililoinyima Disney bilioni 500. Soko hili halikuwamo kwenye mpango wake tangu mwanzo.

Lakini lingeweza kuwamo. The Lion King ya 1994 ilitiwa sauti za Kizulu, kwa hiyo jambo hili limewahi kufanyika. UNESCO inahesabu wasemaji wa Kiswahili kuwa zaidi ya milioni 200. Mmoja katika kila kumi akilipa shilingi 500 mara moja, ni shilingi bilioni 10, au dola milioni 4. Tuseme toleo la Kiswahili, na madijei wetu wakiwa wameajiriwa humo kwa mkataba, limetengewa shilingi milioni 500. Hiyo ni sehemu moja kati ya elfu ya bajeti ya filamu, yaani sekunde 7 za simba wale wa kompyuta, na mapato yanaweza kuzidi gharama mara 20 kabla ya kugawana na wenye mabanda.

Nafasi nyingine iko karibu. Novemba 20, 2026 imepangwa kutoka filamu nyingine ya The Hunger Games, Sunrise on the Reaping, na Rais Snow anarudi humo kwa sura ya Ralph Fiennes, baada ya kifo cha Donald Sutherland mwaka 2024. Flashi zitafika Mbamba Bay siku chache baadaye, kama kawaida. Kama COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na Bodi ya Filamu wangekaa na wenye mabanda na wasambazaji wakakubaliana sehemu ya kumi ya mapato ya kila onyesho, banda letu la viti 40 lingelipa shilingi 2,000 na kubaki na 18,000.