Jirani Asiye wa Dini Yetu: Khabari za Indonesia

Vijana wetu wa chuoni hutuuliza mara kwa mara: Katika nchi ambayo Waislamu ndio wengi, asiye Mwislamu ana haki gani? Swali hili ni jema, nasi twapenda kulijibu kwa khabari za Indonesia, nchi yenye Waislamu zaidi ya milioni 200.

Tarehe 18 Agosti 1945, siku moja baada ya kutangazwa uhuru, wakubwa wa nchi hiyo walikutana kuipitisha katiba. Dibaji yake ilikuwa na maneno ya kuwapasa Waislamu kufuata sharia yao. Watu wa visiwa vya mashariki, ambako Wakristo ni wengi, waliingiwa na khofu. Basi maneno yale yakaondolewa, na badala yake pakawekwa Uungu wa Mmoja Pekee. Ki Bagus Hadikusumo, mkubwa wa Muhammadiyah, ambaye alikuwa ameyatetea kwa nguvu, mwishowe aliridhia. Wako wanaolisikitikia jambo hilo mpaka leo, wala hatuwalaumu. Lakini nchi haikukatika vipande.

Msikiti mkubwa wa Istiqlal, mjini Jakarta, umeelekeana na kanisa kuu la Wakatoliki. Ramani yake ilichorwa na Friedrich Silaban, naye ni Mkristo. (Msomaji asistaajabu, fundi hutakiwa ufundi wake.)

Lakini khabari tunayopenda isomwe majumbani ni ya Riyanto, kijana Mwislamu wa jeshi la kujitolea la Nahdlatul Ulama. Usiku wa tarehe 24 Desemba 2000 alikuwa akililinda kanisa moja mjini Mojokerto, Wakristo wakisali. Likaonekana furushi, ndani yake bomu. Riyanto akalichukua akatoka nalo nje, likamlipukia, akafa. Waliotega mabomu ya usiku ule katika miji mbalimbali walijiita wapiganaji wa Uislamu. Nasi twauliza: ni nani kati yao aliyeifahamu aya ya 40 ya Suratul Hajj, ambayo imeyataja makanisa pamoja na misikiti?

Si kwamba mambo yote ni sawa huko. Kanuni ya mwaka 2006 ilitaka anayejenga nyumba ya ibada alete majina 90 ya watakaosali humo, na ridhaa ya wenyeji 60. Makanisa kadha wa kadha yamekwama hapo. Na kule Bali, ambako Wahindu ndio wengi, anayetaka kujenga msikiti hukabiliwa na sharti lilo hilo.