Kiwanja cha bei nafuu kinavyoigharimu familia ngeni Dar es Salaam

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, kutoka 4,364,541 mwaka 2012. Lakini anayetaka kulielewa soko la makazi la jiji hili aangalie mkoa jirani. Katika miaka hiyohiyo kumi, Pwani ilipanda kutoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947, ongezeko la zaidi ya asilimia 80. Sehemu kubwa ya watu hao wamejaza wilaya zinazopakana na jiji: Kibaha, Bagamoyo, Mkuranga na Kisarawe. Riziki ya wengi wao bado iko Kariakoo, Posta, bandarini na kwenye viwanda vya Barabara ya Nyerere, ila wanalala Mapinga, Vikindu na Mlandizi kwa sababu huko ndiko pesa yao ilikofika. Familia iliyotoka Mbeya, Mwanza au Kigoma miaka mitatu iliyopita, ikachoka kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, nayo hufuata mkondo huo. Hoja ya makala haya ni kwamba wengi wao wanapiga hesabu pungufu. Wanalinganisha bei za viwanja wakati kitu wanachonunua ni maisha ya kila siku mahali fulani, na kwa mtu wa kipato cha kati au cha chini kiwanja kidogo karibu na barabara kuu, chenye maji na karatasi safi, mara nyingi ni nafuu kuliko eneo kubwa lililoko ndani kabisa.

Kosa hilo lina chanzo, nacho ni jinsi soko lenyewe linavyofanya kazi. Nyumba nyingi Tanzania hununuliwa kwa fedha taslimu. Kampuni ya TMRC ilianzishwa mwaka 2010 ili kuzipa benki fedha za muda mrefu za kukopesha wanunuzi wa nyumba, lakini hadi leo deni lote la mikopo ya nyumba nchini halijafika asilimia 1 ya pato la taifa. Sababu inaonekana ukipiga hesabu. Mkopo wa shilingi milioni 40 kwa riba ya asilimia 15, unaolipwa kwa miaka 15, unadai karibu shilingi 560,000 kila mwezi, na hadi mwisho mkopaji atakuwa amerudisha zaidi ya milioni 100. Mwalimu, muuza duka au dereva wa lori hawezi kubeba mzigo huo, na wengine hata hawana hati ya mshahara ambayo benki ingeikubali. Kwa hiyo familia hujikusanyia kidogo kidogo, kupitia kikoba au kiinua mgongo, ikanunua kiwanja, ikaweka msingi, ikapandisha boma, ikasubiri, ikapaua, na mara nyingi ikahamia kabla ya madirisha. Katika mwendo huo bei ya kiwanja ndiyo kikwazo cha kwanza na ndiyo inayoonekana. Gharama zinazofuata zinakuja kwa vipande vidogo, na hakuna anayezijumlisha.

Tuzijumlishe kwa mfano. Mume na mke wote wanafanya kazi Kariakoo, siku 26 kwa mwezi. Wamepata kiwanja cha mita 20 kwa 20 mbali na lami kwa shilingi milioni 5. Kutoka nyumbani hadi kituoni ni bodaboda ya shilingi 1,500, halafu daladala ya kwanza ya 1,000 na ya pili ya 600. Kila mmoja anatumia 6,200 kwenda na kurudi, sawa na 161,200 kwa mwezi. Wawili wanatumia 322,400. Sasa tuseme wangenunua kiwanja kidogo zaidi kwa milioni 20, mahali ambapo wanatembea kwa miguu hadi kituo na kupanda daladala moja ya 700 mpaka kazini. Wote wawili wangetumia 72,800 kwa mwezi. Tofauti ni shilingi 249,600 kila mwezi, karibu milioni 3 kwa mwaka. Milioni 15 walizookoa siku ya kununua zinakwisha baada ya miaka mitano hivi, na kuanzia mwaka wa sita kiwanja cha bei nafuu ndicho kinachowala. Hata wakipanda mshikaki kila siku kwenye bodaboda moja, ni miaka saba na ushei. Familia yenye mfanyakazi mmoja itachukua miaka kumi, isipokuwa kama ina watoto wawili wa sekondari wanaopanda gari asubuhi na jioni, na hapo muda huo unapungua. Hesabu hii haijagusa saa mbili au tatu za foleni zinazopotea kila siku, wala biashara ndogo ya jioni ambayo mama angeiendesha kama angefika nyumbani jua likiwa juu.

Nauli ni mwanzo tu. Bei ya kuunganishiwa umeme mjini iliyoanza kutumika Januari 2022 ilikuwa shilingi 320,960 kwa nyumba iliyo ndani ya mita 30 kutoka kwenye njia ya umeme, bila kuhitaji nguzo. Kila nguzo inayohitajika inaongeza gharama, na nyumba ya peke yake katikati ya mikorosho inahitaji zaidi ya moja. Maji ya Dawasa, mamlaka ya maji ya jiji, kwa sehemu kubwa yanatoka kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, kwa hiyo mitaa iliyo karibu na mabomba makubwa hupata huduma mapema na ile ya ndani inasubiri. Anayesubiri hununua kwa boza au kwa dumu la lita 20, na bei ya lita moja kwenye dumu huzidi mbali ile ya bombani. Wanaotegemea visima katika maeneo mengi ya ukanda wa bahari, Kigamboni ikiwemo, wanajua pia tatizo la maji ya chumvi, ambayo hayafai kwa kunywa na huharibu zege yakichanganywa na saruji. Jambo hilo la mwisho linastahili kuulizwa kabla ya kununua, kwa sababu fundi hataliuliza.

Kisha kuna karatasi, na hapa ndipo familia ngeni inapoumizwa zaidi, kwa kuwa haina ndugu wa kuiambia historia ya eneo. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 humpa mwananchi haki ya kuitumia kwa hati ya miaka 33, 66 au 99. Chini ya hapo kuna leseni ya makazi, ya muda mfupi, na chini kabisa kuna kile ambacho wanunuzi wengi wanakipata: hati ya mauziano iliyoandikwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, yenye picha za pasipoti za muuzaji na mnunuzi, majina ya mashahidi na ya majirani wa mipaka, na muhuri wa mwenyekiti. Karatasi hiyo ina maana, maana inathibitisha kwamba fulani alimlipa fulani mbele ya watu. Haithibitishi kwamba aliyelipwa alikuwa mmiliki, wala kwamba eneo halijapangiwa shule, barabara au hifadhi ya mto. Kwa ardhi iliyopimwa, upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati huonyesha jina la mmiliki na kama kuna rehani au zuio. Kwa ile isiyopimwa, mnunuzi anatakiwa aende idara ya ardhi ya halmashauri na kuuliza mchoro wa mipango miji unasemaje. Ahakikishe pia kwamba mwenza wa muuzaji ameridhia, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya familia iuzwe bila ridhaa ya mke au mume.

Historia ya karibuni inaonyesha kinachotokea hatua hizo zikirukwa. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua makumi ya watu jijini, na waliookolewa kutoka bonde la Msimbazi walihamishiwa Mabwepande, mbali na kazi zao. Mwaka 2017 nyumba zilizohesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, zilibomolewa ili kupanua njia, na wenyewe walikuwa wameishi hapo kwa miaka mingi. Kigamboni ilipotangazwa kuwa eneo la mji mpya mwaka 2008, ujenzi na uendelezaji ulisimamishwa, na watu walikaa miaka na viwanja wasivyoweza kuvijenga wala kuviuza kwa bei ya maana. Inauma kwa sababu mara nyingi aliyepoteza ni yule aliyenunua kwa nia njema, akalipa kila alichoambiwa alipe, pamoja na asilimia ya dalali.

Wanaopinga hoja yangu wana jambo la kweli. Watasema Tegeta, Mbezi na Mbagala zilikuwa mashamba, na walionunua mapema leo wanamiliki mali yenye thamani mara nyingi ya pesa waliyotoa. Ni kweli, lakini tuangalie ni kipi kilichopandisha bei. Maeneo hayo yako kandokando ya barabara za Bagamoyo, Morogoro na Kilwa, ambazo ndizo serikali imezipanua na kuzipa miradi ya mwendokasi tangu mabasi ya Kimara hadi Kivukoni yaanze mwaka 2016. Kigamboni nayo ilibadilika baada ya Daraja la Nyerere kufunguliwa mwaka huohuo. Ardhi hupanda bei miundombinu inapoifikia, na kilomita nane za vumbi kutoka barabara kuu zinaweza kusubiri kizazi kizima. Aliye na nyumba ya kuishi na akiba ya ziada anaweza kungoja. Familia inayohamia na watoto haiwezi, kwa maana inaanza kulipa gharama ya umbali siku ileile inayohamia.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mwenye milioni 5 hana milioni 20, na kumwambia anunue karibu ni kumwambia akae kwenye kodi mpaka azeeke. Hapa lazima tuseme ukweli kwamba wengine hawatakuwa na njia isipokuwa kwenda mbali. Lakini kabla ya hapo kuna milango mitatu isiyogongwa vya kutosha. Wa kwanza ni nyumba kuukuu au boma lililokwama kwenye mitaa iliyojengeka, ambalo mwenyewe anauza kwa shida. Msingi na kuta tayari zipo. Wa pili ni kipande kidogo: familia ya watu watano haihitaji 20 kwa 20 ikiwa halmashauri inakubali kipande kidogo kipimwe, na ndugu wawili wanaoaminiana wanaweza kununua pamoja na kugawana kwa hati. Wa tatu ni viwanja vilivyopimwa vya malipo ya awamu, mradi muuzaji aonyeshe hati mama na mchoro ulioidhinishwa kabla ya awamu ya kwanza. Kuhusu kodi, miaka miwili ya kupanga karibu na kazi huku akiba ikikua ni gharama halali ya kununua vizuri. Na anayelazimika kutoka nje ya jiji achague kwa kufuata barabara: Kibaha mjini au Vikindu karibu na lami ni uamuzi bora kuliko kichaka kilichomo ndani ya mipaka ya Dar es Salaam lakini kisichofikika mvua ikinyesha. Mpaka wa mkoa haumpunguzii mtu nauli.

Lawama zote zisiwekwe kwa mnunuzi. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulionyesha kwamba serikali inaweza kupima kwa wingi, katika maeneo kama Mbweni, Bunju, Kibada na Tuangoma. Bado inakadiriwa kuwa takriban asilimia 70 ya wakazi wa jiji wanaishi kwenye makazi yasiyopangwa. Halmashauri za pembezoni zinapaswa kupima viwanja vidogo kandokando ya barabara kuu na kuviuza kwa bei ambayo fundi seremala anaweza kuilipa, badala ya kuacha ukanda huo kwa vituo vya mafuta na maghala.

Nawe unayetafuta, usilipe hata shilingi ya kishika uchumba kabla hujafanya mambo mawili. Nenda ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi mwenyewe, bila dalali. Kisha chagua siku ya kazi mwezi Aprili, masika ikiwa imekolea, utoke kwenye kiwanja hicho saa kumi na moja alfajiri hadi mahali unapofanya kazi na kurudi jioni, uandike kila shilingi uliyoitoa njiani. Jumla hiyo izidishe mara siku zako za kazi kwa miaka kumi, uiongeze kwenye bei uliyotajiwa, ndipo uanze kujadiliana na muuzaji.