Cheo cha Msituni

Nchiru, Tigania, huko Meru, watu huijua kwa nyumba ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Ameru. Ninaanzia hapo kwa sababu swali la Baimungi M'Marete ni swali la idhini: nani aliyempa cheo, na nani aliyekuwa na haki ya kumvua?

Afisa wa Keya, jeshi la kikoloni la Mwingereza, alipewa nyota na serikali, jina lake likaandikwa gazetini, akifa mjane wake akajua mlango wa kubisha. Baimungi, kwa upande wake, alikuwa Fildi Masho wa Mau Mau, wapiganaji waliopinga ukoloni, katika Mlima Kenya. Majina ya vyeo wapiganaji hao waliyachukua kwa Mwingereza yuleyule waliyempiga, na si ajabu: Waruhiu Itote, Jenerali China, alikuwa koplo wa Keya kule Burma. Ila msituni hakuna gazeti la serikali. Cheo kilithibitishwa na utii tu: mtu ana njaa, ana baridi, anaambiwa "twende" na anakwenda. Kwa kipimo hicho, nadhani, nyota za msituni zilikuwa ghali kuliko za kambini.

Kwa wapiganaji wa Meru hata baraka za wazee zilikuwa ngumu kupata. Serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kuiingiza Njuri katika utawala wake, na wakati wa hali ya hatari ikaitumia kupinga kiapo cha Mau Mau. Kijana wa Meru aliyeingia msituni aliwaacha nyuma gavana na baraza pia.

Itote alikamatwa Januari 1954, Dedan Kimathi, kiongozi mwingine wa Mau Mau, akanyongwa Februari 1957. Baimungi alidumu. Uhuru ulipofika Desemba 1963 alitoka msituni, akitaka wenzake wapewe ardhi bila kuinunua. Wengi walitaka pia nafasi jeshini, lakini jeshi lilikwisha kuwapo: vikosi vya Keya vilikuwa vimebadilishwa jina tu vikawa vya Kenya, na maafisa Waingereza bado wamo. Askari aliyekuwa akiwinda msituni akabaki na sare. Aliyewindwa akaambiwa asalimishe bunduki arudi nyumbani. Nyumbani wapi, ikiwa shamba lina mwenyewe mwingine?

Akarudi msituni. Januari 1965 vikosi vya usalama vya Kenya huru vikamuua.

Musa Mwariama wa Tigania, Fildi Masho mwenzake, alipigwa picha na Kenyatta wakati wa Uhuru, akaishi hadi 1989. Vita vyao vilikuwa vimoja. Kama risasi ingempata Baimungi mwaka 1955, leo tungemtaja kwa pumzi moja na Kimathi. Ilimpata miezi kumi na mitatu baada ya bendera kupanda, basi akaandikwa mwasi.

Na kisheria hakukuwa na ubishi. Mau Mau ilipigwa marufuku mwaka 1950, na serikali ya Uhuru haikuifuta amri hiyo. Ilifutwa 2003.