Ukungu wa nyanya: dawa ni kinga, si tiba

Wakulima wengi hujenga kitalu nyumba wakitarajia kuyakwepa magonjwa ya nyanya. Ni kweli nailoni huzuia mvua, lakini pia hufungia unyevu. Kwenye maeneo ya baridi kama Lushoto au Limuru, alfajiri paa hujaa matone upande wa ndani, yakadondokea majani. Majani yakikaa yamelowa kwa saa nyingi, bakajani chelewa huwa imepata nafasi.

Huu ndio ugonjwa ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845. Jani huota mabaka yanayofanana na sehemu iliyomwagiwa maji ya moto. Ligeuze asubuhi: utaona utando mweupe pembeni mwa baka. Tofauti na huo, bakajani wahi huchora duara ndani ya duara, ikianzia majani ya chini. Ubwiri unga huacha unga mweupe, na hustawi hata bila majani kulowa.

Zitambue dalili kabla ya kwenda dukani. Kimelea cha bakajani chelewa si kuvu halisi. Kiko karibu zaidi na mwani. Ndiyo maana salfa, inayofaa kwa ubwiri unga, haikiwezi.

Mankozebu na dawa za kopa hukaa juu ya jani na kuzuia vimelea visipenye. Haziponyi jani lililokwisha kuoza, na jani linalochipua baada ya kupulizia halina kinga. Kwa hiyo anza mapema, hali ya hewa inapoashiria hatari, na pulizia juu na chini ya majani.

Metalaksili huingia ndani ya mmea, lakini hushambulia sehemu moja tu ya kimelea. Ilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1970. Kufikia 1980, vimelea sugu vilikuwa vimeshaonekana Ulaya. Basi badilisha makundi ya dawa. Pakiti mbili zenye majina tofauti huweza kuwa na kiambato kilekile, hivyo soma lebo.

Hata hivyo, hakuna dawa inayoziba pengo la ukosefu wa hewa. Fungua mapazia ya pembeni asubuhi, mwagilia kwa matone chini ya shina, punguza machipukizi na majani ya chini, na uyatoe nje yaliyougua.

Ndani ya kitalu, mvuke wa dawa hauna pa kwenda. Vaa barakoa ya viuatilifu, miwani, glavu, ovaroli na buti, na usiruhusu mtu kuingia kabla ya muda ulioandikwa kwenye lebo kuisha.

Nyanya huiva kwa zamu, kwa hiyo vuna zilizoiva kwanza, ndipo upulizie, kisha hesabu siku za kusubiri kabla ya kuvuna tena, bila kuzipunguza. Nyanya nyingi huliwa mbichi kwenye kachumbari, na mlaji hana namna ya kuiona dawa iliyobaki. Usalama wake uko mikononi mwa mkulima.