Jasho Likikauka, Deni Halikauki

Baada ya sala ya Alasiri, mzee mmoja wa mtaani kwetu alinisubiri penye viatu, mkononi ameshika daftari la shule lililokunjika pembe. Kwa miaka 6 alikuwa mpakizi katika ghala moja hapa Mombasa. Ndani ya daftari mlikuwa na tarehe, saa ya kuingia na saa ya kutoka, siku baada ya siku, kwa mwandiko wa mkewe. Kila usiku aliporudi, mke alimuuliza, naye akajibu, na mke akaandika.

"Sheikh," akaniambia, "hizi ni saa zangu ambazo sikulipwa. Nilimwachia Mungu. Lakini sasa mwanangu naye ameingia kazi kama ile, nami nataka kujua: zalipika?"

Tulikwenda pamoja hadi ofisi ya leba. Afisa alilipitia daftari kwa heshima, kisha akauliza swali moja tu: "Mzee, kazi uliacha lini?" Ilikuwa imetimia miaka 4. Daftari lilikuwa kamili. Muda ndio uliokwisha. Njiani tukirudi mzee hakunilaumu, lakini alisema neno lililonichoma: "Miaka yote hiyo nilikuwa safu ya mbele. Mbona hamkutwambia?"

Makala haya ni jawabu la swali hilo, nalo limechelewa.

Ujira ni deni

Sisi wa mimbarini tumezoea kumhimiza mnyonge asubiri. Subira ni ibada, hapana shaka. Lakini kunyamaza kwa kuogopa kufukuzwa si subira. Mwenye haki anaweza kusamehe, na msamaha wake ni sadaka. Ila msamaha sharti utoke moyoni mwa mtu aliyejua anachodai na akaweza kukidai. Asiyejua haki yake hakusamehe kitu.

Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wa sallam, ameamrisha mwajiriwa apewe ujira kabla jasho lake halijakauka. Na imepokewa kwamba Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mgomvi, Siku ya Kiyama, wa mtu aliyemwajiri mfanyakazi, akastarehe na kazi yake yote, kisha asimlipe. Tena tukumbuke mapatano ya Nabii Musa, alayhi ssalaam, kule Madyan: miaka 8 ndiyo ya mkataba, na akitimiza 10 ni kwa hiari yake. Kilicho lazima kilitajwa mwanzo, na cha ziada kikaachwa katika ridhaa ya mfanyakazi. Saa ya ziada, ile watu wetu waiitayo ovataimu, haiwi ya mwajiri kwa sababu tu mlango wa ghala ulikuwa bado haujafungwa.

Sheria yasemaje

Kifungu cha 41 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya uadilifu na mazingira ya kazi yanayofaa. Sheria ya Ajira ya 2007 inamwamuru mwajiri ampe mfanyakazi angalau siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7. Nayo amri ya jumla ya mishahara, inayowahusu wengi wasio na amri maalumu ya kazi yao, imeweka saa 52 kwa wiki zilizogawanywa katika siku 6. Kwa kazi ya usiku ni saa 60. Inayozidi hapo hulipwa mara 1 na nusu ya ujira wa saa katika siku ya kawaida, na mara 2 katika siku ya mapumziko au sikukuu ya umma. Walinzi wana amri yao, na wafanyakazi wengi wa mahoteli wana makubaliano ya chama; kila mmoja aulize kwanza kanuni inayomhusu.

Tupige hesabu. Ujira wa saa hupatikana kwa kugawanya mshahara wa msingi wa mwezi kwa 225. Tuseme kijana anapata shilingi 18,000: saa yake ni shilingi 80, na saa ya ziada ni shilingi 120. Akifanya kazi saa 10 kwa siku, ukiondoa wakati wa chakula, kwa siku 6, ametimiza saa 60, zimezidi 8. Hizo ni shilingi 960 kwa wiki. Kwa wiki 50 ni shilingi 48,000, na hapo hatujagusa Jumapili aliyoitwa ghafla wala Idi ya Mfunguo Mosi aliyoila kazini. Hiyo ni karo ya mtoto.

Njia ya kudai

Kwanza, andika. Aya ya deni katika Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, imeamrisha deni liandikwe, na mwenye kudaiwa ndiye atamke lililo juu yake. Sheria ya nchi imekwenda njia hiyo hiyo: mwajiri ndiye aliyelazimishwa kuweka kumbukumbu za wafanyakazi wake na kutoa hati ya malipo yenye kuonyesha kila kilichoongezwa na kilichokatwa. Hata hivyo mahakama hazipokei dai la juujuu. Zitakuuliza siku gani, saa ngapi, nani alikuamuru. Weka daftari lako, hifadhi ujumbe wa simu wa msimamizi, na uwajue wenzako mlioshinda pamoja.

Pili, dai kwa adabu na kwa maandishi, ukabaki na nakala. Usipojibiwa, nenda kwa afisa wa leba au kwa chama chako cha wafanyakazi. Likishindikana huko, iko Mahakama ya Ajira na Leba, yenye vikao Mombasa na Malindi. Na tangu 2018, wenye mshahara usiozidi shilingi 80,000 kwa mwezi husikizwa pia na mahakimu walioteuliwa. Kupeleka lalamiko la kweli si sababu halali ya kukufukuza.

Tatu, usikawie. Dai la ajira lina miaka 3. Na kwa dhara lenye kuendelea, muda ni miezi 12 tangu lilipokoma. Siku ya kuacha kazi usitie sahihi karatasi isemayo umelipwa kila haki yako kabla ya kuisoma na kuielewa, kwani huenda ikakufungia mlango.

Kwa sisi tunaoajiri

Wengi wetu tu waajiri bila kujiita hivyo. Msichana anayeamka kabla ya Alfajiri kutuwashia jiko, na kulala baada ya wageni kuondoka, naye ni mfanyakazi. Sheria ya Ajira haikumtoa. Tuketi naye wiki hii, tutaje saa zake, siku yake ya mapumziko na ujira wake, tuandike.

Tusijifariji kwa miaka 3 ya sheria. Mahakama hufunga mlango ili kesi zipate mwisho, lakini kwa wanavyuoni haki ya mja haifutiki kwa kupita miaka. Katika kisa cha watu watatu walioziba na jabali pangoni, mmoja aliokoka kwa ujira wa kibarua aliyeondoka bila kuuchukua: aliukuza ukawa mifugo, na mwenyewe aliporudi baada ya muda mrefu akakabidhiwa wote. Kwa amali hiyo, pamoja na za wenzake, jabali lilisogea.

Mzee wangu ameliweka daftari lake kabatini. Mwanawe amenunua jipya, na sasa mke wake ndiye anayeandika. Aliyeajiri baba yake ikiwa anasoma haya, ghala analijua na mtu wake anamjua. Mwenyezi Mungu atuwezeshe kulipa tukiwa bado na ndimi za kuombea radhi. Amin.